Mmoja kwa Wengi: Historia ya Mstari Unaochorwa Upya Kila Mara

Falls Church haina kaunti. Mji huu mdogo wa Virginia, mwendo mfupi magharibi mwa Washington, D.C., ulijitenga na Kaunti ya Fairfax mwaka 1948 ukawa mji huru, na kwa sheria za Virginia mji huru hauhesabiwi kuwa ndani ya kaunti yoyote. Jimbo hilo lina kaunti 95 na miji 38 ya namna hiyo. Anayeandika programu ya kuhifadhi anwani za Marekani huanza na mchoro usio na kasoro: jimbo moja lina kaunti nyingi, kaunti moja ina miji mingi. Mchoro unamtosha mpaka afike Falls Church. Hapo ama abuni kaunti ya kujazia pengo, ama aache nafasi ya kaunti wazi, ama afute ubao aanze upya. Serikali ya shirikisho ilishika njia ya kwanza: katika orodha yake ya namba za kaunti, Falls Church imepewa 51610, yaani mji umekuwa kaunti ya nafsi yake.

Na kuna la pili. Majengo mengi yenye anwani ya posta ya Falls Church hayamo mjini hata kidogo. Yako ng'ambo ya mpaka, Fairfax. Kampuni ya Computer Sciences Corporation ilihamishia makao makuu kwenye anwani hiyo mwaka 2008, Northrop Grumman ikafuata mwaka 2011, na Wakala wa Afya wa Wizara ya Ulinzi, ulioanzishwa tarehe 1 Oktoba 2013, nao unapokea barua zake kwa jina hilohilo. Falls Church ya posta na Falls Church ya meya ni vitu viwili, na asiyejua hilo ataiweka hospitali au kampuni mahali ambapo haipo.

Tatizo hili la kuamua nini kiko chini ya nini ni kongwe kuliko miji huru na kompyuta zake, lakini wanaprogramu ndio waliolipa jina kavu: uhusiano wa mmoja kwa wengi. Katika uandishi wa programu kwa obijekti, klasi ni kiolezo. Klasi ya Mgonjwa inaeleza kila mgonjwa ana nini na anaweza kufanyiwa nini. Kutokana nayo programu huzaa obijekti, mgonjwa huyu na mgonjwa yule. Kuandika klasi moja ni kazi ya asubuhi moja. Ugumu huanza klasi mbili zinapokutana. Mgonjwa mmoja ana mahudhurio mengi: je, mgonjwa ashike orodha ya mahudhurio yake, au kila hudhurio libebe namba ya mgonjwa wake, au pande zote mbili zikumbuke? Hudhurio likihamishwa kwa mgonjwa mwingine kwa sababu karani alikosea jina, nani amwarifu nani? Na mgonjwa akifutwa, mahudhurio yafutwe naye? Majibu ya maswali haya yametolewa, yakakataliwa, yakatolewa tena kwa zaidi ya miaka sitini, na sehemu kubwa ya ubishi huo ilipita katika ofisi zinazouzunguka mji wa Washington.

Tarehe 28 na 29 Mei 1959, kilomita kumi hivi kutoka Falls Church, watu wapatao arobaini walikutana Pentagon chini ya uenyekiti wa Charles Phillips wa Wizara ya Ulinzi. Walitoka serikalini, kwa watengenezaji wa kompyuta na kwa makampuni yaliyozitumia. Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs ndiye aliyekuwa ameshinikiza kwamba kuwe na lugha moja ya kazi za ofisi, itakayokubalika na mashine zote; Grace Hopper, ofisa wa akiba wa jeshi la wanamaji, alikuwa ameshaonyesha kwa lugha yake mwenyewe kwamba jambo hilo linawezekana. Kutokana na mkutano huo ilizaliwa kamati ya CODASYL, na kutokana na kamati ikazaliwa COBOL.

COBOL ilikuwa na neno moja kwa ajili ya wengi: OCCURS. Ukiandika kwamba mfanyakazi ana sehemu ya mshahara inayotokea mara 12, kompyuta ilitenga nafasi 12 ndani ya rekodi ya mfanyakazi huyo, moja kwa kila mwezi. Wengi waliishi tumboni mwa mmoja, na idadi yao ilipangwa kabla hawajazaliwa. Kwa miezi ya mwaka hakuna shida, miezi haiongezeki. Kwa watoto wa mfanyakazi ni hadithi nyingine. Ukitenga nafasi 5, mwenye watoto saba anapoteza wawili kwenye karatasi za serikali. Ukitenga 20, kila asiye na mtoto anabeba nafasi 20 tupu, na siku hizo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali kupita kiasi. Siwacheki waliofanya hivyo. Kadi ya kutoboa ilikuwa na safu 80 tu, na kila herufi ilikuwa na bei.

Mwaka huohuo wa 1959, huko Los Angeles, Roy Nutt, aliyekuwa miongoni mwa walioijenga lugha ya FORTRAN, na Fletcher Jones walianzisha Computer Sciences Corporation kwa mtaji wa dola 100. Kazi iliyoitambulisha kampuni ilikuwa kuitengenezea kampuni ya Honeywell lugha ya FACT, ambayo mawazo yake kuhusu rekodi zenye makundi ndani ya makundi yalichangia COBOL. Ndiyo kampuni ileile iliyohamia Falls Church karibu nusu karne baadaye, na jina lake likatoweka mwaka 2017 ilipounganishwa na nyingine kuwa DXC Technology.

Aliyewatoa wengi tumboni mwa mmoja ni Charles Bachman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa General Electric, alijenga mfumo ulioitwa IDS, unaohesabiwa kuwa hifadhidata ya kwanza ya maana inayostahili jina hilo. Kila rekodi ilikaa peke yake kwenye diski. Mwenye mali alishika anwani ya mwanachama wa kwanza, wa kwanza akashika ya wa pili, na wa mwisho akarudisha kwa mwenye mali: tasbihi ya rekodi, yenye punje nyingi kadiri utakavyo. Hapakuwa na haja tena ya kutangaza 5 au 20. Bachman pia aliwachorea wenzake visanduku viwili na mshale mmoja kati yao, kutoka kwa mwenye mali kwenda kwa wanachama, na mshale huo ndio babu wa michoro yote tuliyo nayo leo. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, naye hakuwa na shahada ya uzamivu wala hakuwa profesa.

Huko Ulaya ya kaskazini, watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa waliligonga jambo hilihili. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, mjini Oslo. Haja yao ilikuwa kuiga foleni: meli bandarini, wateja kwenye dirisha la posta, magari kwenye daraja la kulipia. Lugha yao ya kwanza, Simula, ilifanya kazi kwenye kompyuta ya UNIVAC 1107 mwaka 1965. Majira ya baridi ya 1966 kuingia 1967 walikuwa wakipambana na mfano wa daraja: malori, mabasi na magari madogo yote yanapanga foleni moja, lakini kila aina ina mambo yake. Wakitumia wazo la Tony Hoare kuhusu aina za rekodi, waliona kwamba lori linaweza kuandikwa kama nyongeza juu ya gari, na gari kama nyongeza juu ya kitu chochote kinachoweza kusimama foleni. Mei 1967, huko Lysebu nje ya Oslo, walieleza lugha ambayo klasi zote za sasa zimetokana nayo.

Vitabu vingi vikifika hapo vinasifu nyongeza hiyo, yaani urithi wa klasi, na kupita. Mimi nakaa kidogo kwenye foleni yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyobeba mmoja kwa wengi. Simula 67 ilikuja na klasi iliyokwisha kutengenezwa iitwayo SIMSET, na ndani yake klasi mbili: Head, kichwa cha foleni, na Link, anayesimama foleni. Kichwa kimoja, wasimamaji wengi. Na sharti likawekwa ndani ya lugha: Link hawezi kuwa katika foleni mbili kwa wakati mmoja. Ukimwamuru aingie foleni mpya, kwanza anatoka alikokuwa, bila kuulizwa. Kwa daraja hiyo ni busara tupu. Lori haliwezi kuwa mbele ya vibanda viwili. Lakini angalia kilichotokea: hali ya malori ilipandishwa cheo ikawa kanuni ya ulimwengu wa programu. Atakayetaka kumfanya mwanafunzi awe katika madarasa mawili ilimbidi amtafutie kivuli, Link wa pili anayemwakilisha mwanafunzi yuleyule.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa haraka. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM, San Jose, alipendekeza kuviondoa vielekezi vyote, yaani zile anwani za tasbihi ya Bachman: kila kitu kiwe jedwali, na katika uhusiano wa mmoja kwa wengi kila mwana abebe namba ya mzazi wake, mzazi asibebe kitu. Yeye na Bachman walikabiliana hadharani huko Ann Arbor, Michigan, mwaka 1974, na wakati ukampa Codd ushindi. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha mchoro wake wa vitu na mahusiano, akiandika 1 upande mmoja wa almasi na N upande wa pili, na vizazi vya wanafunzi wakaona mahusiano kwa macho yake. Naona Codd alikuwa na haki kwenye jambo moja kubwa: mwana anamjua mzazi wake kwa uhakika kuliko mzazi anavyoweza kutunza orodha. Orodha huchakaa.

Wanaobijekti hawakusikia. Alan Kay na wenzake wa Xerox walipojenga lugha ya Smalltalk, kila obijekti ilificha mambo yake ndani, na uhusiano ukawa orodha tu iliyozikwa ndani ya klasi mojawapo. Aliyelalamika kwa sauti ni James Rumbaugh wa General Electric. Katika mkutano wa OOPSLA wa mwaka 1987 alitoa makala iliyosema, kwa kifupi, kwamba uhusiano ni kitu chenyewe na unastahili kuandikwa kama kitu. Ukiuzika ndani ya klasi moja, upande wa pili unaachwa gizani, na mwenye kusoma programu hawezi tena kuona mchoro uliokusudiwa. Kitabu chake cha mwaka 1991, alichoandika na wenzake wanne, kilimpa mwanaprogramu mstari kati ya visanduku viwili, na kitone cheusi mwishoni kuonyesha wengi. Yeye, Grady Booch na Ivar Jacobson waliunganisha michoro yao, na Novemba 1997 lugha yao hiyo ya michoro, UML, ikakubaliwa kuwa kanuni ya pamoja. Kitone kikawa nyota: 1 upande huu, 0..* upande ule. Palikuwa pia na almasi nyeusi, kwa maana kwamba wengi ni mali ya mmoja na mmoja akifa wanakufa naye. Almasi hiyo nimeiona ikichorwa kwa ukarimu mno. Ankara na mistari yake, sawa. Mtu na ndugu zake, hapana.

Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa na mchoro wake, mkongwe kuliko UML, kwa ajili ya hospitali zake, ambazo leo zinasimamiwa na Wakala wa Afya ule wenye anwani ya Falls Church.

Hospitali za jeshi hutibu askari na pia familia zao. Askari mwenyewe huitwa mdhamini. Zamani kila jalada la mgonjwa lilitambuliwa kwa namba ya hifadhi ya jamii ya mdhamini, tarakimu tisa, iliyotanguliwa na tarakimu mbili za kueleza mgonjwa ni nani kwake. Tarakimu 20 ni askari mwenyewe. Tarakimu 30 ni mwenza. Kuanzia 01 hadi 19 ni watoto, kwa mpangilio. Mama wa askari ni 40, baba ni 45, mama mkwe 50, baba mkwe 55. Kanuni hii ilitumika kwenye majalada ya karatasi, na mwaka 1988, kampuni ya SAIC ilipopewa mkataba wa takribani dola bilioni 1 kujenga mfumo wa kompyuta wa hospitali za jeshi ulioitwa CHCS, ikaingia humo ilivyo. CHCS iliandikwa kwa MUMPS, lugha iliyozaliwa katika Hospitali Kuu ya Massachusetts katika miaka ya 1960, ambayo ndani yake data ni mti: chini ya mgonjwa kuna matawi, chini ya tawi kuna vitawi, na wengi wanaishi chini ya mmoja bila kikomo kilichotangazwa.

Msomaji wa Tanzania anaufahamu mpango wa namna hii. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulimsajili mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam kikomo kiliandikwa kama sera na kila mtu alikisoma. Kikomo cha jeshi kilijificha ndani ya namba.

Jaribu kuifuata familia moja ndani ya kanuni hiyo. Baba ni askari, na binti yake wa kwanza ni 01 chini ya namba ya baba. Chanjo zake zote ziko hapo. Anafika miaka 18, naye anajiunga na jeshi. Siku anayoapa anakuwa mdhamini: ni 20 chini ya namba yake mwenyewe. Kwa kompyuta huyu ni mtu mwingine, hajawahi kuchanjwa. Anaolewa na askari mwenzake, nao wanapata mtoto. Mtoto ni 01, lakini chini ya nani? Wazazi wote wawili ni wadhamini halali. Ikiwa kliniki moja ilimwandikisha kwa mama na nyingine kwa baba, mtoto mmoja ana majalada mawili, na mzio wa dawa uliogunduliwa kwenye moja hauonekani kwenye jingine. Wakitengana, na mama akaolewa na askari wa tatu, mtoto anaweza kuandikwa mara ya tatu. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Waliobuni kanuni walitaka kujua nani analipiwa na nani, na kwa swali hilo kila mtoto ana mdhamini. Kosa lilikuwa kuchukua uhusiano wa malipo na kuufanya kuwa jina la mtu.

Dawa yake ilikuwa kuutenganisha utu na uhusiano. Kila mtu, askari au mtegemezi, akapewa namba yake ya tarakimu 10, na kuanzia mwaka 2011 namba za hifadhi ya jamii zikaanza kuondolewa kwenye vitambulisho vya jeshi. Mtu anasimama kwa namba yake. Kuwa mtegemezi wa fulani kukawa habari nyingine, inayoanza siku moja na kuisha siku nyingine. Mfumo mpya, MHS GENESIS, ulianza kazi Februari 2017 katika kambi ya anga ya Fairchild, jimbo la Washington, na ukamaliza kusambazwa Machi 2024 huko North Chicago. Rumbaugh alikuwa amelisema jambo hilo miaka thelathini kabla, katika makala ya kurasa chache.

Tawi la Oslo nalo lilitambaa, likafika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Oslo, ambako Nygaard na Dahl walifundisha hadi uzeeni (wote wawili walifariki mwaka 2002, miezi michache baada ya kutangazwa washindi wa Tuzo ya Turing), ndicho kilichokuza programu ya takwimu za afya iitwayo DHIS2, yenye mizizi yake Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Ndani yake mna klasi inayoitwa OrganisationUnit, yenye kielekezi kimoja kwa mzazi na seti ya watoto. Zahanati ni mtoto wa wilaya, wilaya ni mtoto wa mkoa. Mzazi ni mmoja tu, kama Link wa mwaka 1967 na foleni yake moja.

Kisha Kenya ikabadilisha nchi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mikoa minane ilipisha kaunti 47, na mti ukalazimika kung'olewa na kupandwa upya. Tanzania nayo iliunda mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, kisha Songwe mwaka 2016. Kwenye DHIS2 kituo kina tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa, lakini kielekezi chake kwa mzazi hakina tarehe. Ukikihamisha kituo cha Vwawa kutoka Mbeya kwenda Songwe, takwimu zake za miaka ya nyuma zinahama nacho, na ripoti itaionyesha Songwe ikiwa na wagonjwa wa malaria katika mwaka ambao mkoa huo haukuwepo. Kwa anayepanga bajeti ya mwaka ujao hilo ni jema, maana analinganisha eneo lilelile. Kwa mwanahistoria ni uongo. Mzazi mmoja asiye na tarehe hawezi kuwatumikia wote wawili.

Eldoret walilitazama jambo kwa namna nyingine. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mpango wa AMPATH wa kutibu virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Karibu na hapo, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, palikuwa na mfumo mdogo wa rekodi uliojengwa kwa Microsoft Access, na ulifanya kazi yake vizuri hadi wagonjwa wakawa wengi kuliko ulivyoweza kubeba. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Indianapolis, walifika Eldoret, wakaona kwamba kuunyoosha mfumo ule hakutasaidia. Walichora mchoro mpya. Februari 2006 ulikuwa ukifanya kazi Eldoret, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa Rwinkwavu, Rwanda. Jina lake ni OpenMRS, umeandikwa kwa lugha ya Java, na yeyote anaweza kusoma programu yake yote.

Kiini chake ni mmoja kwa wengi mara mbili: mgonjwa ana mahudhurio mengi, hudhurio lina vipimo vingi. Uzito ni kipimo, hesabu ya CD4 ni kipimo, jibu la "je, unakohoa?" ni kipimo. Daktari akitaka swali jipya, halihitaji safu mpya kwenye jedwali. Linaongezwa kwenye kamusi ya dhana, na kesho makarani wanaliingiza. Katika klasi ya Encounter, yaani hudhurio, kuna kazi iitwayo addObs. Ukiipa kipimo, inakiweka kwenye seti ya hudhurio na papo hapo inakiambia kipimo hudhurio lake ni lipi. Kama kipimo hakikutaja mgonjwa, mahali au tarehe, kinajaziwa kutoka kwenye hudhurio. Pande zote mbili zinaarifiwa mahali pamoja, na hakuna mwanaprogramu wa kusahau upande mmoja. Swali lililogawanya watu tangu Bachman na Codd lilijibiwa hapo kwa mistari michache.

Na kwa kawaida hakuna kinachofutwa. Kipimo kilichoingizwa kimakosa hutiwa alama kwamba kimebatilishwa, pamoja na nani, lini na kwa nini. Thamani sahihi huingia kama kipimo kipya. Almasi nyeusi ya UML haina kazi kliniki.

Seti hizo zilikuwa na gharama. OpenMRS huzungumza na hifadhidata kupitia Hibernate, programu aliyoianza Gavin King mwaka 2001 ili kupatanisha obijekti za Java na majedwali ya Codd. Hibernate ni mvivu kwa makusudi: ukimwomba wagonjwa 50 wa leo, anakuletea majina, na mahudhurio anayaacha hifadhini mpaka uyaguse. Ukipita ukiyagusa mmoja baada ya mwingine, ombi moja linakuwa maombi 51. Kwenye meza ya mwandishi, akiwa na wagonjwa watano wa majaribio, hakuna anayeona. Kliniki yenye maelfu inasimama huku karani akiutazama ukurasa mweupe.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyoshughulikia jamaa. Mtu katika OpenMRS anaweza kuwa na majina mengi, anwani nyingi na vitambulisho vingi, kila kimoja seti yake. Lakini ujamaa haukuwekwa ndani ya mtu yeyote. Una klasi yake: mtu wa kwanza, mtu wa pili, na aina ya uhusiano kati yao. Aina zilizokuja na programu ni pamoja na mzazi na mwana, ndugu kwa ndugu, na shangazi au mjomba na mpwa. Mtoto anaweza kuwa na wazazi wawili, au asiwe na hata mmoja aliye hai na akaletwa kliniki na shangazi. Na kituo kikitaka aina ya bibi mlezi, kinaiongeza bila kumwita mwanaprogramu. Katika kliniki zilizojaa watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI, mchoro wa mdhamini mmoja usingedumu wiki.

Hata hivyo mstari mmoja walikuwa wameuchora kwa wino mzito mno. Kila hudhurio lilikuwa na mtoa huduma mmoja. Mama aliyefika kliniki alipimwa uzito na muuguzi, akaonwa na ofisa tabibu, akashauriwa na mnasihi, akachukua dawa dirishani, na fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Toleo la 1.9 la mwaka 2012 lilirekebisha mawili kwa pamoja. Juu ya hudhurio ikawekwa klasi mpya ya ziara, inayokusanya yote yaliyofanyika kuanzia mgonjwa alipofika hadi alipoondoka. Na hudhurio likaruhusiwa watoa huduma wengi, kila mmoja na wajibu wake. Rekodi zote za zamani zikahamishiwa kwenye jedwali jipya, jina moja kwa kila hudhurio. Nafasi ya wajibu ilipaswa kujazwa nayo, na kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kama jina lile ni la muuguzi au la daktari, programu ilijaza kila mstari wa zamani kwa wajibu mmoja uleule: "haujulikani".